Siku Nne za Bamvua: Kwa Miguu Katika Pwani ya Norfolk Wakati wa Baridi

Nilifika Uingereza katikati ya Desemba kumtembelea dada yangu anayeishi Peterborough, na kwa wiki tatu nzima sikuiona bahari. Kwa mtu aliyezaliwa na kukulia Tanga hilo si jambo dogo. Shemeji, mume wa dada, ni mtu wa Pangani ambaye ameishi huku miaka 18, na nadhani aliyaona macho yangu yalivyokuwa yakitangatanga dirishani. Jioni moja alitoa kijitabu cha nyakati za maji kujaa na kupwa, akaweka kidole kwenye tarehe moja ya Januari, siku mbili baada ya mwezi kuandama, akasema, "Hapa pana bamvua, shemeji. Tukienda, twende siku hii." Bamvua ni zile siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Nilidhani anazungumzia uvuvi, kumbe alikuwa anazungumzia ndege.

Mpango ulikuwa wa siku nne: tuanzie kwenye ghuba ya Wash, kisha tufuate njia ya miguu inayopita kando ya pwani ya kaskazini ya Norfolk, mkoa wa mashariki mwa Uingereza, mpaka kijiji cha Cley, tukilala katika nyumba za wageni, na mwisho turudi kwa basi kulichukua gari Hunstanton. Tulibeba darubini mbili, moja ya kuning'iniza shingoni na nyingine ya kusimamisha juu ya miguu mitatu, chupa mbili za chai ya tangawizi, chapati za dada zilizofungwa kwenye kitambaa, na nguo nyingi kuliko nilizowahi kuvaa maishani kwa wakati mmoja. Yanayofuata niliyaandika kila jioni, vidole vilipokuwa vimerudiwa na damu.

Siku ya kwanza: Snettisham

Saa yetu ya Kiswahili ilitungwa na watu ambao jua lao huchomoza saa kumi na mbili, au karibu na hapo, mwaka mzima. Huku, mwezi wa Januari, hesabu hiyo inavurugika kabisa: saa moja na nusu asubuhi bado ni utusitusi, jua huchungulia baada ya saa mbili, na ikifika saa kumi na robo jioni limeshazama. Tuliamka saa kumi na moja alfajiri, tukaenda kwa gari hadi Snettisham, tukatembea kama kilomita mbili gizani juu ya kokoto zilizoganda, shemeji akitangulia na tochi ambayo ameifunika kwa kiganja ili mwanga usifike majini. Kipimajoto cha gari kilikuwa kimeonyesha nyuzi 2 chini ya sifuri.

Upande wetu wa kushoto kulikuwa na mabwawa marefu yenye visiwa vidogo. Haya si ya asili: ni mashimo yaliyobaki baada ya kokoto kuchimbwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya kujengea viwanja vya ndege vya kijeshi. Upande wa kulia ilikuwa Wash yenyewe, ghuba pana ambamo mito minne humwaga maji na tope lake, na ambayo kila majira ya baridi hupokea zaidi ya ndege 300,000 wa majini. Giza lilinizuia kuiona, lakini niliinusa, na harufu ya tope la bahari lililopwa ni ileile ya nyumbani, isipokuwa huku hakuna mikoko.

Walioanza kusikika ni bata bukini. Mwanzoni nilidhani ni watu wengi wanaozungumza mbali, kama sokoni, kisha sauti ikapanda na kugawanyika, na shemeji akanishika mkono kunielekeza juu. Walikuwa wakija kutoka kwenye tope kwa mistari mirefu iliyovunjika na kuungana tena, kundi juu ya kundi, maelfu kwa maelfu, wakielekea bara. Hawa ni bukini wa miguu ya rangi ya waridi, ambao huzaliana Iceland na Greenland na kuja hapa kukimbia baridi iliyo kali kuliko hii. Usiku hulala katikati ya tope, mahali ambapo mbweha hawezi kuwafikia bila kuzama, na asubuhi huenda mashambani kula mabaki ya viazi sukari ambayo wakulima wameyaacha baada ya mavuno.

"Sasa umeelewa kwa nini nilichagua mwezi mchanga?" shemeji akauliza. Sikuwa nimeelewa. Akanieleza kwamba mwezi unapokuwa mpevu, bukini huona vizuri usiku na huweza kubaki mashambani wakila, kwa hiyo asubuhi mtu anaweza kusimama hapa na asione kitu. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, lakini anayetaka kuwaona bukini na vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukoni, kwa pamoja hana budi kuichagua bamvua ya giza.

Kisha maji yakaja, na hapo sikuhitaji mwalimu. Kwetu Tanga, tofauti kati ya maji makavu na maji makuu siku ya bamvua kubwa ni kama mita nne. Katika Wash inazidi sita, na kwa kuwa pwani yenyewe ni tambarare mno, bahari hutembea kilomita kadhaa kwa saa chache. Lakini namna ya kujaa ni ileile. Kwanza vihori, ile mifereji ya maji inayokata tope, vinang'aa, halafu vinavimba, halafu tope lililokuwa limeinuka kati ya kihori na kihori linabaki kama migongo ya viboko, na mwishowe migongo nayo inatoweka kimya kimya. Mbele ya ukingo huo wa maji kulikuwa na kitu nilichokidhania kuwa zulia la majani makavu, mpaka zulia lote likasogea hatua moja.

Ndege huyu nyumbani hatumjui, kwa kuwa njia yake haipiti kwetu. Nitamwita kitwitwi wa kijivu, maana ni wa jamii ya vitwitwi wetu wa ufukoni, ila amejazia zaidi na miguu yake ni mifupi. Jina lake la kisayansi ni Calidris canutus. Neno canutus lilitolewa na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyevipa viumbe majina, mwaka 1758, na watu wamezoea kulihusisha na mfalme Canute, yule anayesimuliwa kwamba aliweka kiti chake ufukoni na kuyaamuru maji yasijae. Sijui kama uhusiano huo ni wa kweli, lakini asubuhi ile ulifaa: ndege walisimama mbele ya maji kwa ukaidi, wakirudi nyuma inchi kwa inchi, mpaka ikawa hakuna tena pa kurudi.

Wakaruka wote. Nimeona makundi ya ndege, lakini sikuwa nimeona anga likikunjwa. Makumi ya maelfu ya ndege waligeuka pamoja, na kwa kuwa migongo yao ni ya kijivu na matumbo ni meupe, wingu zima lilizimika na kuwaka, likazimika na kuwaka, kila lilipopinda. Walipopita juu ya vichwa vyetu kwenda kwenye mabwawa, sauti ya mabawa yao ilikuwa kama tanga la jahazi linapogeuzwa na kushika upepo ghafla. Kitu chepesi kilidondoka kwenye kofia yangu. Shemeji akaniambia nisifute, ni baraka, naye akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Tuliwafuata hadi kwenye kibanda cha kutazamia kando ya bwawa. Pale visiwani walikuwa wamesimama bega kwa bega, wakitazama upande mmoja, bila nafasi ya kupitisha karatasi, kama safu za swala ya Idi uwanjani wakati waliochelewa wanaendelea kubanana pembeni. Kupitia darubini kubwa nilimchagua mmoja na kumtazama robo saa. Alisimama kwa mguu mmoja, mdomo ameuingiza mgongoni kwenye manyoya, jicho moja likifumba na kufumbua. Mdomo huo ni mfupi na mnyoofu na hauna cha kuvutia, lakini ncha yake ina vitundu vyenye mishipa ya fahamu ambayo hupima shinikizo la maji ndani ya mchanga wenye unyevu, hivyo ndege huweza kujua kuna kombe lililofukiwa karibu bila kuligusa. Akilipata hulimeza zima na gamba lake, na firigisi hulisaga.

Maji yalikuwa yamejaa kabisa saa moja na nusu. Kama saa moja na zaidi baadaye, bila sisi kuona badiliko lolote kutoka pale tulipoketi, safu ya mbele ilianza kutikisika, na wakaondoka kwa mafungu kurudi kwenye tope lililokuwa ndiyo kwanza linaanza kuonekana. Nilimwuliza shemeji wamejuaje. Akanijibu kwa swali: baba yake pale Pangani alikuwa anajuaje?

Siku ya pili: kutoka Hunstanton hadi Brancaster, kama kilomita 18

Upepo ulibadilika usiku ukawa wa kutoka kaskazini-mashariki. Kwa hesabu ya nahodha yeyote wa Pwani hiyo ni kaskazi, na huu ndio mwezi wake hasa: nyumbani wakati huu kaskazi inaleta joto, bahari tulivu na, zamani, majahazi kutoka Arabuni. Hapa upepo wenye jina hilohilo ulikuwa ukitoka bahari ya kaskazini ukiwa na chembe za barafu, na hata nilipoupa kisogo uliniingia kwenye mikono ya koti. Nilimwambia shemeji kwamba kuanzia leo nitaiheshimu kusi.

Jabali la Hunstanton limepangwa kama keki: hudhurungi chini, kisha ukanda mwekundu, kisha chokaa nyeupe juu. Kwenye vidato vya ile chokaa walikuwa wameketi ndege wa kijivu na weupe wanaofanana na shakwe, lakini si shakwe. Ni jamaa wa albatrosi, mwenye kijineli juu ya mdomo cha kutolea chumvi, na anayeishi miaka mingi sana. Huzaliana baadaye, lakini hata katikati ya baridi hurudi mara kwa mara kukaa kwenye vidato vyao, kama wenye nyumba wanaokuja kuhakikisha kufuli bado ipo. Shemeji alinionya nisipande karibu: ukimsogelea kiotani hukutemea mafuta yanayonuka, na nguo hiyo hutaivaa tena.

Baada ya Holme vilima vya mchanga vilitukinga kidogo. Ni katika ufuko wa Holme ambako mwaka 1998 mawimbi yalifunua duara la magogo 55 ya mwaloni yaliyosimamishwa na watu zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Sasa yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la King's Lynn, na pale penyewe hapana cha kuona isipokuwa tope. Tulipita.

Baada ya Thornham njia huiacha bahari na kuzunguka mashambani, jambo ambalo lilinikera, kwa hiyo tulipokaribia Titchwell tukachepuka kwenda ufukoni, na ndipo nilipokutana na mtu wa nyumbani. Pale ambapo wimbi hufika na kurudi palikuwa na vitwitwi weupe kama dazani mbili, wadogo, wenye miguu myeusi, wakikimbia. Kila aliyekaa Raskazone au Kigombe anawajua: wimbi likirudi wanalifukuza, wakidonoa haraka haraka kwenye mchanga unaonywea, wimbi likija wanalikimbia, miguu ikienda kasi mpaka haionekani, na kamwe hawalowi zaidi ya vifundo. Utotoni tulikuwa tukiwafuata tukijaribu kuwafanya waruke, nao walikuwa wakitukimbia kwa miguu kwa umbali uleule, bila kuruka, mpaka sisi tukachoka.

Najua kwamba hawa si walewale. Wa Norfolk wengi wao huja kutoka Greenland, na wa kwetu hutoka Siberia, na kila kundi lina njia yake ya angani. Lakini nilichutama pale mchangani na kukaa kimya, na mmoja akaja hadi kama hatua nne kutoka kwenye buti langu. Hana kidole cha nyuma, kasoro ambayo ndugu zake hawanayo, na nyayo zake mchangani zilikuwa alama za vidole vitatu tu, mstari mmoja ulionyooka, zikifutwa na wimbi kabla hazijafika mwisho. Shemeji alinisubiri bila kusema kitu. Yeye alipitia haya miaka 18 iliyopita.

Katika mabwawa ya Titchwell tuliona ndege weusi na weupe wenye mdomo uliopinda kwenda juu, wakifagia maji kulia na kushoto kama mtu anayefyeka. Walikuwa wametoweka Uingereza kama ndege wa kuzaliana katika karne ya 19, wakarudi mwaka 1947 katika pwani ya Suffolk, mahali ambapo ardhi ilikuwa imefunikwa maji wakati wa vita. Pembeni mwao alisimama yangeyange mmoja, shingo ameikunja, akionekana mwenye kujuta. Yangeyange alizaliana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1996 tu. Shemeji anasema alipofika yeye bado watu walikuwa wakisimamisha magari kumtazama, na sasa hakuna anayegeuka.

Jioni Brancaster tulikula kome waliopikwa kwa vitunguu. Mpishi angetia nazi, ungekuwa mchuzi kamili.

Siku ya tatu: kutoka Brancaster hadi Wells, kama kilomita 20

Njia hapa hupita juu ya tuta la udongo lililojengwa kuzuia bahari isiingie mashambani. Kulia ni ngano changa, kushoto ni majani mafupi ya maji chumvi yaliyokatwakatwa na vihori vingi visivyo na idadi, na mtu aliye juu ya tuta huona kote. Hapa ndipo walipo bukini weusi, wadogo kuliko wale wa Snettisham, wakubwa kidogo tu kuliko bata, wenye shingo nyeusi yenye alama ya kovu jeupe. Huzaliana Taimyr, kaskazini mwa Siberia. Walikuwa wakila kwa makundi ya mia mbili au mia tatu, wakinung'unika muda wote, sauti nzito ya kooni, kama wazee wasiokubaliana juu ya mahari.

Shemeji alianza kuwahesabu watoto. Bukini aliyezaliwa mwaka huo hutambulika kwa mistari myeupe kwenye bawa lililokunjwa, ambayo mkubwa hana. Tulipitia kundi moja zima kwa darubini, yeye akitaja na mimi nikiandika, na katika ndege 240 tulipata watoto 11 tu. Nilidhani tumekosea. Hapana, akasema, huo ni mwaka wa mbweha. Kule Taimyr wanaishi lemingi, panya wadogo wa nchi za baridi, ambao idadi yao hupanda na kuanguka kwa mzunguko wa kama miaka mitatu. Wakiwa wengi, mbweha wa Aktiki hushiba wao na kuwaacha bukini walelee vifaranga. Wakiisha, mbweha huhamia kwenye mayai. Kwa hiyo mtu aliyesimama juu ya tuta Norfolk mwezi wa Januari, akiwa na penseli na daftari, anaweza kukisia kama panya walikuwa wengi au wachache Siberia miezi sita iliyopita. Katika safari nzima hakuna jambo lililonikalia kichwani kama hili.

Walikaribia kuisha, bukini hawa. Katika miaka ya 1930 nyasi za baharini ambazo ndizo chakula chao kikuu zilikufa kwa ugonjwa, na njaa ikaongezwa bunduki. Tangu mwaka 1954 hawaruhusiwi kuwindwa hapa. Ngano ya wakulima wamejifunza kuila baadaye, na wakulima hawajafurahi.

Sasa niandike na yaliyonipata, maana shemeji ameapa kwamba nisipoyaandika mimi atayasimulia yeye kwa dada. Karibu na Burnham Overy Staithe tuta linapinda sana, na mbele yangu niliona kwamba nikikata moja kwa moja juu ya majani nitaokoa robo saa. Maji yalikuwa yanapwa, kwa hiyo hatari ya kuzingirwa haikuwapo. Hilo nililipima vizuri. Kitu ambacho sikukipima ni ukingo wa kihori. Ulionekana mgumu, umeota majani, nikaukanyaga kwa uhakika wa mtoto wa pwani, na mguu wa kushoto ukazama hadi juu ya goti. Nilipojaribu kuuchomoa, ule wa kulia nao ukafuata. Tope la mikoko angalau lina mizizi ya kushika. Hili halina chochote, na baridi yake ilipanda mfupani kama maumivu ya jino.

"Mtoto wa Tanga!" shemeji aliita kutoka juu ya tuta. "Unatafuta kombe?"

"Shemeji, nipe mkono kwanza, maneno baadaye."

Alikuja kwa kuzunguka, taratibu, akalaza miguu mitatu ya darubini juu ya tope, nikaishika, nikalala kifudifudi kama alivyoniagiza na kutambaa. Ndege mmoja mwenye miguu myekundu alisimama ng'ambo ya kihori akitupigia kelele muda wote, na kelele zake ziliwarusha bukini wote wa eneo lile, waliokuwa wametulia tangu asubuhi. Hilo ndilo lililomuudhi shemeji, si mimi kuzama. Nilibadilisha soksi na suruali nyuma ya kichaka kwenye upepo ule, nikanywa chai yote iliyobaki, yake na yangu.

Kijiji hiki kimepakana na Burnham Thorpe, alikozaliwa amirali Nelson mwaka 1758, na kila baa inamkumbusha mpita njia. Mimi nilikuwa nimekwishapata somo langu la ubaharia.

Kutoka hapo tuliingia Holkham, ufuko mpana kuliko wowote nilioutembea, na nyuma yake msitu wa misonobari uliopandwa karne ya 19 ili kuuzuia mchanga usihame. Mchana ulikuwa umebaki saa mbili. Kwenye majani makavu ya chumvi, ndani ya eneo lililozungushiwa kamba ili watu wasilikanyage, kundi la ndege wadogo wa theluji lilikuwa likibingirika mbele kama makapi yanayopeperushwa: walio nyuma wanaruka juu ya walio mbele, wanatua, wanakula mbegu, wanarukwa nao. Ni ndege wa nchi za kaskazini kabisa, na hapa kwao ndipo kusini penye joto. Nilikuwa na suruali moja iliyoganda kwenye begi, nikaona kila kiumbe na hesabu yake.

Shemeji aliniambia pia kwamba domomwiko walirudi kuzaliana Holkham kwa kundi mwaka 2010, baada ya zaidi ya miaka 300 ya kutokuwa na koloni lao Uingereza. Katika majira haya wengi wameondoka. Tulitafuta, hatukumwona hata mmoja.

Tulifika Wells gizani, bukini wa waridi wakipita juu kurudi kwenye tope lao. Tulikula samaki wa kukaanga na chipsi tukiwa tumesimama gatini, mikono ikijipasha moto kwenye karatasi.

Siku ya nne: kutoka Wells hadi Cley, kama kilomita 17

Asubuhi ilikuwa ya ukungu, na nusu ya siku tulitembea tukisikia tu. Majani ya chumvi kati ya Wells na Stiffkey ni mapana sana hivi kwamba bahari yenyewe huioni, na bila upepo kila sauti ilikuja mpaka karibu na sikio. Stiffkey wanasifika kwa kombe zenye rangi ya buluu, na wazee walikuwa wakitembea mbali sana kuziokota. Njia zao bado zinaonekana zikipotea kwenye ukungu. Baada ya mambo ya jana sikushawishika hata kidogo.

Ukungu ulipofunguka Morston, tuliona kwa mbali ulimi wa kokoto wa Blakeney Point na juu yake mawe mengi ya kijivu. Kwa darubini kubwa mawe yalikuna matumbo. Walikuwa sili wa kijivu, wanyama wa baharini, ambao huzalia hapo kati ya Novemba na Januari. Mwaka 2001 walihesabiwa watoto 25 tu, na sasa kwa majira moja huzidi 3,000, idadi inayolifanya eneo hilo kuwa kubwa kuliko yote ya aina yake katika England. Huenda watu kwa boti kuwatazama. Sisi tulitosheka na darubini.

Cley ni kijiji chenye kinu cha upepo na mabwawa ya matete. Mabwawa hayo yalinunuliwa mwaka 1926 ili yawe hifadhi ya ndege, na kutokana na ununuzi huo kikazaliwa chama cha kwanza cha kuhifadhi wanyamapori cha ngazi ya mkoa nchini humo. Tuliingia kwenye kibanda cha mwisho saa tisa. Mabata wa aina nne walikuwa wamejaa, na mara wote wakainuka kwa kishindo: kipanga wa matete alikuwa anapita chini chini, mabawa ameyainua kama herufi V, akipepesuka bila kupiga bawa. Mwaka 1971 katika Uingereza nzima walikuwa wamebaki jozi moja ya hawa inayozaliana, kwa sababu ya sumu za mashambani. Katika saa ile moja tulihesabu saba wakiingia kulala kwenye matete, na bila shaka mmoja tulimhesabu mara mbili, kwa hiyo tuliandika sita.

Wa mwisho walikuwa sululu. Nyumbani jina hili hutumika kwa ndege na kwa chombo cha kuchimbia, na anayemwona huyu ndege akiwa amesimama haulizi sababu: mdomo ni chuma kilekile kilichopinda, umewekwa kwenye kichwa kisichoustahili. Walikuja kutoka mashambani wanane, wakipiga ule mlio wao unaoanza chini na kupanda mpaka kutetemeka, wakavuka barabara na tuta na kushuka upande wa bahari, ambako maji yalikuwa makavu kabisa na tope limebaki wazi hadi upeo wa macho. Jua lilikuwa limezama, na miguu yao tu ndiyo iliyoonekana juu ya mng'ao wa maji yaliyobaki.

Kwenye kituo cha basi shemeji alitoa tena kijitabu chake, akakiinamisha kwenye taa ya barabarani. Bamvua inayofuata ni ya mwezi mpevu, siku kumi mbele, akasema. Vitwitwi watakuwapo, bukini huenda wakabaki mashambani usiku kucha. Nikahesabu kwa vidole. Siku hiyo nitakuwa Tanga, ambako maji ya bamvua hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni. Nikamwambia nitakwenda kuyatazama ya jioni. "Angalia na wale wanaokimbia," akasema, na basi likatokea kwenye kona.